Umeme Ukikatika, Data Iko Mikononi mwa Nani?

Mama meneja wa ofisi ya mteja wetu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha seva, mkono kwenye kitasa, akitutazama tukifungua maboksi. Tulipoweka moduli ya kwanza mezani juu ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, alisogea, akaiangalia kwa makini, kisha akauliza.

"Sasa mwanangu, hizi mnazozisifia. Umeme ukikatika katikati ya malipo, kazi za watu zinabaki au zinapotea?"

Ndiyo sababu hasa ya kuzinunua. Ni Intel Optane, kumbukumbu inayokaa kwenye sloti za RAM lakini haisahau mashine ikizimwa. Ningeweza kumjibu "zinabaki, mama" na siku ikaendelea. Badala yake nikamwomba anipe muda.

"Sawa," akasema, "lakini jibu nalitaka."

Swali lile lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kila nilipodhani nimelijibu, nilikuta chini yake kuna swali lingine.

## Sloti hazijazwi kwa macho

Seva yenyewe ni ya mtumba kutoka Ulaya, kama zilivyo nyingi tunazozihudumia hapa Dar es Salaam. Ina prosesa mbili za Xeon, zile za seva za Intel, za kizazi cha Cascade Lake, daraja la Gold. Daraja nalitaja makusudi, kwa sababu Silver za kizazi hicho karibu zote hazizikubali moduli hizi (4215 ni miongoni mwa chache zinazozikubali), na Bronze hazimo kabisa. Muuzaji wa mtumba hatakwambia hilo.

Moduli ni Intel Optane za mfululizo wa 100, zilizotoka mwaka 2019. Tulikuwa na nne, kila moja GB 256.

Zinaingia kwenye sloti ileile ya DDR4, yaani RAM ya kawaida, na hapo ndipo fundi mzoefu anapopotea, kwa kuwa mkono unataka kuzipanga kama RAM. Katika prosesa hizi, kila moja ina kontrola mbili za kumbukumbu (sehemu zinazoongoza kusoma na kuandika RAM), kila kontrola ina chaneli tatu, yaani njia za data, na kwenye bodi yetu kila chaneli ina sloti mbili. Hizo ni sloti 12 kwa prosesa, 24 kwa bodi mama nzima. Chaneli moja haipokei zaidi ya Optane moja. Kontrola haiwezi kuendesha Optane bila walau DDR4 moja pembeni. Zaidi ya hapo unafuata jedwali la mtengenezaji wa bodi, sloti kwa sloti, herufi kwa herufi, hata kama jicho linakwambia kwamba mpangilio mwingine ungependeza zaidi.

Sisi tuliweka DDR4 sita za GB 16 kwa kila prosesa, na Optane mbili, moja kwa kila kontrola. Jumla ni GB 192 za RAM ya kawaida na TB 1 ya Optane.

Kuna kitu kidogo ambacho nimekiona kikidharauliwa mara nyingi mno. Sloti tupu za seva huja na vifuniko vya plastiki, na juu ya prosesa kuna kava kubwa linaloelekeza upepo wa feni. Kwenye mashine za mtumba vitu hivi huwa vimeshatupwa, kwa sababu vinaonekana ni plastiki tu. Moduli ya Optane ya GB 256 inaweza kula hadi wati 18, na joto hilo lazima lipate pa kutokea. Pasipo vifuniko, upepo hukimbilia kwenye nafasi tupu na kuziacha moduli. Tulisimamisha kazi mpaka muuzaji alipotuletea vifuniko vyote. Kijana ninayefanya naye kazi aliona tunapoteza muda. Mimi niliona bado hatujaanza.

## Data ya mtu mwingine

Jambo la kwanza lililonishtua halikuhusu umeme.

Tuliiwasha mashine, tukaingia Linux, tukaandika `ndctl list -N`, amri inayoorodhesha vipande vya hifadhi vilivyomo kwenye moduli, ili kuona hali ilivyo. Tulitegemea orodha tupu. Moduli moja ilileta kipande kizima cha hifadhi, kimepewa ukubwa, kipo tayari kusomwa. Aliyekuwa na moduli hiyo kabla yetu, popote alipo Ulaya, aliipanga peke yake bila kuisuka na nyingine (yaani bila kugawanya data kati yake na nyingine), akaitumia, akaichomoa, ikauzwa. Kipande chake kimesafiri nayo mpaka kwetu.

Kijana alikuwa ameshaandika nusu ya amri ya `mount`, ile ya kufungua hifadhi ili isomwe.

"Kaka, tuangalie tu kuna nini."

Nikamwambia hapana. Ingeweza kuwa mafaili ya majaribio. Ingeweza kuwa vipimo vya wagonjwa au mishahara ya watu. Hatukuwa na haki ya kujua ni kipi kati ya hivyo. Tulilizima eneo lake, tukaifuta moduli kwa `ndctl sanitize-dimm --crypto-erase`, amri inayobadilisha ufunguo wa usimbaji ili kilichoandikwa kwa ufunguo wa zamani kisisomeke tena. Tukafanya hivyo kwa zote nne, hata zilizoonekana tupu.

Moduli hizi husimba data zenyewe, kwa AES ya biti 256. Watu wakisikia hivyo hudhani wameshalindwa. Lakini kama hukuweka nenosiri la kuifunga, moduli hujifungua yenyewe kila inapowashwa, kwenye mashine yoyote inayoikubali. Usimbaji upo, kufuli halipo.

Kwa miaka yote ya kazi hii nimechomoa RAM na kuiweka mfukoni bila kufikiri. Hakuna kitu humo. Tabia hiyo haifai tena, na kwa kuwa sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wala si suala la adabu ya fundi peke yake. Kwa mteja huyu tumeziandika moduli zote nne kwenye daftari la mali pamoja na diski, kwa namba zake, na hakuna inayotoka mlangoni kabla haijafutwa mbele ya mtu wa ofisi.

## Amri isiyotenda papo hapo

Baada ya hapo ndipo uamuzi mkubwa.

Moduli hizi hupangwa kwa `ipmctl`, programu ya Intel ya kuzisimamia. Ukiandika `ipmctl create -goal`, hakuna kinachobadilika muda ule. Unaandika lengo. Lengo hukaa ndani ya moduli likisubiri, na mashine ikiwashwa upya BIOS, programu ya bodi inayoiamsha mashine, hulisoma na kupanga kumbukumbu yote kulingana nalo. Kilichokuwemo kabla unapaswa kukihesabu kuwa kimekwenda. Kati ya amri na kuwasha upya una nafasi ya kuliona kwa `show -goal`, na kulifuta kama moyo unasita.

Mimi moyo ulisita. Niliiacha mashine usiku ule bila lengo lolote.

Njia mbili zilikuwa mbele yangu. Ya kwanza ni `MemoryMode=100`. Hapo Optane inageuka RAM kubwa, na DDR4 zote zinageuka kache yake, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka inayoitangulia. Mfumo wa uendeshaji ungeona kama TB 1 ya RAM, na zile GB 192 zingetoweka kwenye hesabu ingawa zinafanya kazi. Uwiano wetu ulikuwa takriban GB 1 ya DDR4 kwa GB 5 za Optane, ndani ya kiwango cha Intel cha 1 kwa 4 hadi 1 kwa 16. Programu haibadilishwi hata mstari mmoja. Kwa hesabu ya shilingi, hakuna RAM ya TB 1 utakayoipata kwa bei ile.

Kijana alisoma maelezo yake mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo lingenichukua muda kulifikia.

"Kaka, kwa hiyo tunanunua kitu kisichosahau, halafu tunakiamuru kisahau?"

Ndivyo ilivyo. Katika hali hiyo moduli hutumia ufunguo wa usimbaji unaotupwa kila umeme unapozimwa. Chembe zake zinaweza kuwa bado zimeshika data, lakini hakuna tena wa kuisoma. Wahandisi waliofanya hivyo walifanya sawa kabisa, maana anayetumia kitu kama RAM anatarajia kiwe tupu akiwasha upya. Ila mama meneja hakuuliza kuhusu RAM kubwa.

Njia ya pili ni `PersistentMemoryType=AppDirect`. RAM inabaki GB 192 za DDR4, na Optane inajitokeza pembeni kama hifadhi inayodumu.

Kilichoamua ni vipimo. Tuliitazama hifadhidata yao siku za mwisho wa mwezi, mishahara inapoingia na watu wanapolipa marejesho kwa wingi. RAM ilikuwa na nafasi. Kilichosubiriwa ni daftari la miamala, lile faili ambalo hifadhidata huliandikia kila muamala kabla haijamwambia mtu kwamba umekamilika. Kila uthibitisho ulisubiri diski. RAM ya TB 1 isingeondoa kusubiri huko.

Tukaandika lengo la App Direct, tukawasha upya.

## Nani ameipokea?

Nikadhani nina jibu la mama. Sikuwa nalo.

Fuata baiti moja. Programu inaandika. Baiti inaingia kwenye kache ya prosesa, na programu inaendelea na mambo yake ikiamini imeandika. Kutoka kwenye kache inashuka, kwa wakati wake, mpaka foleni ya kuandikia iliyo ndani ya kontrola ya kumbukumbu. Kutoka kwenye foleni inaingia kwenye moduli. Umeme unaweza kukatika mahali popote kwenye safari hiyo.

Mpaka ulio muhimu uko kwenye foleni ya kontrola. Umeme ukipotea, pawasaplai hutoa ishara, na nishati kidogo iliyobaki kwenye kapasita hutumika kuisukuma foleni yote ndani ya moduli kabla ya giza. Utaratibu huu unaitwa ADR, na bodi mama lazima iwe imejengwa kuufanya. Hapo awali Intel ilitangaza hata amri ya prosesa ya kulazimisha hatua hii ya mwisho, PCOMMIT, kisha mwaka 2016 ikaiondoa kabla haijamfikia mnunuzi, kwa sababu iliamua kwamba kila mashine itakayobeba moduli hizi lazima iwe na ADR.

Lakini ADR katika kizazi chetu hiki haifiki kwenye kache ya prosesa.

Kilichobaki kwenye kache kinakufa na umeme. Ni kama barua iliyoachwa juu ya kaunta kabla karani hajaigonga muhuri wa kupokelewa. Umeifikisha ofisini, ila ofisi haina habari nayo. Programu inayotaka uhakika lazima iitoe baiti yenyewe kwenye kache kwa amri ya CLWB, kisha SFENCE ili mpangilio usivurugike. Na hata hivyo kipande kinachohakikishiwa kuandikwa chote au kutoandikwa kabisa ni baiti 8 tu. Rekodi ya baiti 200 inaweza kukatika katikati.

Hapa nilisimama siku nyingi. Nilikuwa nikiitazama moduli kana kwamba kudumu kumo ndani yake, na kumbe ahadi hiyo imegawanywa kati ya pawasaplai, bodi, fimwea (programu iliyo ndani ya vifaa), keneli (kiini cha Linux), mfumo wa mafaili na programu. Kila mmoja anashika kipande. Mmoja akiachia, waliobaki hawana la kufanya. Moduli ni ya mwisho kwenye mstari, na ndiyo pekee ambayo jina lake limeandikwa kwenye boksi.

Programu iliyoandikwa upya kwa maktaba za PMDK, zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu inayodumu, ingeweza kushika kipande chake vizuri sana, na kufaidi kasi yote. Kusoma Optane mahali popote huchukua kama nanosekunde 300, mara tatu hivi ya DDR4, lakini ni mbali kabisa na diski yoyote. Hifadhidata ya mteja haikuandikwa hivyo. Ni hifadhidata ya kawaida inayofanya mambo kwa njia ya kawaida. Inaandika daftari, inaita `fsync`, yaani inaiomba mashine ihakikishe data imefika kwenye hifadhi, inasubiri.

Na ghafla nikaona kwamba huko ndiko kuliko na jibu.

`fsync` ni mkataba wa zamani ambao kila mtu kwenye mnyororo ule anaujua. Nikitumia `ndctl create-namespace --mode=sector`, keneli inanipa kifaa cha `/dev/pmem0s` kinachofanya kazi kama diski. Sekta inaandikwa nzima au haiandikwi kabisa, na keneli ndiyo inayobeba kazi ya kuvusha baiti mpaka upande salama. Ninapoteza sehemu ya kasi. Ninapata mpangilio ambao hifadhidata hii imeuzoea tangu ilipozaliwa.

Lilibaki la kufa kwa moduli. Optane mbili za prosesa moja zikisukwa pamoja, data husambazwa kwa vipande vidogo kati yake, na moja ikiharibika eneo lote limekwenda. Tukatengeneza eneo moja kwa kila prosesa, na juu yake tukaweka kioo cha RAID 1, yaani data ileile inaandikwa pande zote mbili, kati ya `/dev/pmem0s` na `/dev/pmem1s`. Kuandika upande wa pili wa bodi kunachelewesha kidogo. Kucheleweshwa huko nilikubali bila majadiliano.

## Kuchomoa waya

Hakuna jedwali litakalokwambia kama ADR ya bodi yako inafanya kazi. Lazima uikate umeme.

Hatukutumia data ya mteja, ila nakala ya majaribio. Kompyuta ya pembeni ilituma miamala mfululizo, kila mmoja na namba yake, na kwenye diski yake yenyewe ikaandika kila namba ambayo hifadhidata imeithibitisha. Kijana alishika waya mmoja wa pawasaplai, mimi wa pili. Tukahesabu, tukachomoa kwa pamoja.

Feni zililia zikishuka. Mtu uliyefundishwa maisha yako yote kuzima seva kwa heshima, mwili mzima unakataa.

Tukairudisha. Seva za kumbukumbu nyingi huchukua muda mrefu kuamka, na muda ule ulikuwa mrefu kuliko kawaida. Hifadhidata ilisoma daftari lake, ikajirekebisha, ikafunguka. Tukalinganisha namba ya mwisho iliyothibitishwa pembeni na iliyomo ndani.

Ipo.

Kuna namba nyingine niliyoitafuta kwenye `ipmctl show -sensor`, inayohesabu mara ambazo moduli ilizimika vibaya, yaani ADR haikumaliza kazi yake. Namba hiyo haikupanda. Tulirudia mara kadhaa mchana ule, mzigo mdogo na mkubwa, na kila mara nilianza na namba hiyo kabla ya kugusa kitu kingine. Sasa imo kwenye orodha ya vitu ambavyo mfumo wetu wa uangalizi unavitazama usiku na mchana, pamoja na joto la moduli na asilimia ya uhai iliyobaki. Siku ikipanda kwa moja tu, nataka simu yangu iite.

Nilikwenda kwa mama meneja nikampa jibu. Malipo ambayo mfumo umeshamwambia mteja kwamba yamekamilika, hayapotei. Yaliyokuwa njiani, mfumo haujathibitisha, hayabaki nusunusu: ama yamo yote au yamefutika yote, na mteja ataangaliziwa kwanza kabla ya kuambiwa arudie, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Akaniuliza kama bado anahitaji bakapu. Nikamwambia anaihitaji vilevile kama jana, kwa sababu moto, mwizi na karani aliyefuta jedwali kwa bahati mbaya havina habari na ADR.

## Kitu ambacho hakitengenezwi tena

Bado sijagusa lililonisumbua zaidi, nalo sijalimaliza.

Teknolojia hii imekwisha. Intel na Micron waliitangaza pamoja mwaka 2015 kwa jina la 3D XPoint. Machi 2021 Micron walitangaza kujitoa, na kiwanda cha Lehi, Utah, wakakiuza kwa Texas Instruments. Julai 2022 Intel nao walitangaza kuifunga biashara ya Optane, wakafuta dola milioni 559 za bidhaa zilizokuwa ghalani. Mfululizo wa 300 ulitoka mwaka 2023 pamoja na prosesa za Sapphire Rapids, tayari ukijulikana kuwa wa mwisho.

Inaniuma. Ni mara chache kwenye kazi hii unapata kifaa kinachokulazimisha ufikiri upya maana ya kuhifadhi. Nadhani kiliuzwa kwa haraka kuliko programu zilivyoweza kukifuata, na wengi walikitumia kama RAM ya bei nafuu, hali ambayo DDR4 iliyoshuka bei ingeweza kuiua wakati wowote.

Kwa fundi aliye hapa, bei hiyo ya kuporomoka ndiyo iliyotuletea moduli. Ndiyo pia inayotisha. Mfululizo wa 100 ni wa Cascade Lake, wa 200 ni wa Cooper Lake na Ice Lake, wa 300 ni wa Sapphire Rapids. Haziazimani. Spea utaipata kwenye mashine nyingine ya mtumba tu. Je, ni haki kuingiza kitu cha namna hiyo kwenye ofisi inayoshika fedha za watu?

Nimejibu ndiyo, kwa sharti moja ambalo limetawala maamuzi yote niliyoyaeleza hapo juu. Mteja awe na uwezo wa kutoka. Kama tungeandika programu yao kwa PMDK, wangefungwa na moduli ambazo hakuna anayezitengeneza. Kwa mpangilio wetu, hifadhidata haijui kwamba chini yake kuna Optane. Inaona kifaa cha kuandikia daftari. Kwenye seva hiyohiyo tumeacha diski mbili za NVMe, zile za kasi zisizozunguka, zenye ulinzi wake wa kukatika umeme, na hatua za kuhamisha daftari zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja ambao kijana amezifanya mwenyewe mpaka mwisho, mimi nikiwa nimekaa pembeni bila kusema neno. Kasi itashuka mwisho wa mwezi. Miamala haitaguswa.

Anayefikiria kununua moduli hizi leo, na najua mpo kwa sababu bei zinavutia, nendeni na Linux kwenye flashi na muombe seva iwashwe kwa flashi hiyo. Tazameni asilimia ya uhai, idadi ya kuzimika vibaya, na kama moduli imefungwa kwa nenosiri. Iliyofungwa, na muuzaji hajui nenosiri lake, iacheni hapohapo. Nunueni mbili za akiba za mfululizo uleule, ukubwa uleule, siku ileile. Sisi akiba zetu ziko kabatini, zimeshafutwa na kupimwa.